Kimea Kilichobaki Mezani

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "pika matokeo tu", hasira zinanipanda. Nilikuwa kidato cha pili, huku Masumbwe, na mwalimu wa baiolojia alitupa jaribio la kupima kasi ya kimeng'enya. Unachanganya maji ya wanga na kimeng'enya cha kwenye chupa, na kila dakika mbili unadondosha tone kwenye kigae cheupe chenye iodini. Wanga ukiwepo, tone linakuwa jeusi. Kimeng'enya kikishaugeuza wote kuwa sukari, weusi hauji tena.

Letu lilikuwa jeusi tititi mwanzo mpaka mwisho. Na la kila mtu, tuseme ukweli, maana ile chupa ilikaa dirishani kiangazi kizima, jua linaichoma mpaka kimeng'enya kikafa. Wenzetu wakachungulia kitabu, wakaandika dakika nane. Mimi na rafiki yangu wa dawati moja tukaandika tulichokiona: haikubadilika.

Tukapewa sifuri. Tena mwalimu akatangaza mbele ya darasa kwamba mwakani sisi wawili tunakwenda mkondo wa sanaa, sayansi haitaki wavivu. Rafiki yangu alitaka uuguzi tangu shule ya msingi. Alilia njia nzima. Mimi sikulia, nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga.

Mama yangu hupika pombe ya mtama. Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. Alisema kimea, ule mtama ulioota ukakaushwa, kikiungua uji hauwi mtamu, hata mtoto anajua, sasa huyo mwalimu wenu kasomea wapi? Akanifungia kimea kizuri kwenye karatasi, maana ndani yake mna kimeng'enya kile kile.

Kesho yake nilimkuta mwalimu maabara, nikamwamkia, nikaomba kurudia. Nikaroweka kimea kidogo, nikachuja, nikachanganya maji yake na ya wanga, nikaanza kudondosha. Dakika ya sita weusi haukuja. Mwalimu aliinama akakitazama kigae kwa muda mrefu. Samahani hakusema. Alifuta sifuri yangu, akaniambia niandike hayo mapya, nimerudi sayansi.

Nilifurahi, nakiri. Nikakimbia kumwita rafiki yangu. Alikuja, akatoa shikamoo, akasimama mlangoni.

"Na mimi, mwalimu? Tuliandika kitu kimoja."

"Wewe hujarudia jaribio," mwalimu akasema. "Na orodha imeshafika kwa mkuu wa shule."

Orodha gani hiyo, ambayo jina langu linatoka na lake haliwezi? Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Nikanyamaza, kwa kuogopa kwamba akiudhika atanirudisha na mimi. Rafiki yangu alinitazama, akangoja. Kisha akageuka, akaenda zake darasani.

Yule mwalimu nimemkasirikia miaka yote hii, na anastahili. Lakini pale mezani kilibaki kimea cha kumtosha rafiki yangu kurudia jaribio, na ni mimi niliyekifunga kwenye karatasi ile ile nikakirudisha nyumbani.