Gari la Wazi la Dada Mwanaidi

Enzi zetu, Mbeya iliamka na ukungu. Ukitoka nje asubuhi humwoni jirani, unasikia kikohozi chake tu, unamwamkia kwa kukisia. Sisi tulicheza kombolela humohumo, na aliyetafuta alikuwa na kazi kweli. Watoto wa leo wakiona ukungu wanafunga dirisha na kurudi kwenye simu zao.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Safari moja akitoka Iringa kununua vitambaa, basi liliharibika Nyololo. Akaenda kuomba maji kwenye shamba la mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, na huko bandani akaliona: gari kuukuu la wazi, rangi ya maziwa chini ya mavi ya kuku. Paa lake la turubai lilikuwa limeliwa na panya, vimebaki vyuma. Baba alilinunua siku ileile, pamoja na kuku mmoja aliyekataa kushuka kiti cha nyuma. Lililetwa nyumbani juu ya lori la mbao, na watoto wa Uyole walilikimbiza mpaka wakachoka.

"Hili ndilo litakalompeleka Mwanaidi kwa mumewe," baba alisema. "Na dereva nitakuwa mimi."

Dada yangu Mwanaidi alikuwa ameposwa na kijana wa dukani Mbalizi. Dada alikuwa mtoto wa kwanza nyumbani, na baba alimpenda waziwazi mpaka tukaona wivu. Lakini mwenye arusi ile alikuwa shangazi, aliyekuja bara na mila zote za Bagamoyo.

"Kaka, bi harusi haanikwi barabarani kama udaga wa mihogo," alisema. "Mji mzima umwone kabla ya mumewe?"

"Paa nitalishona, dada. Cherehani ninayo."

"Shona. Lisipokuwa na paa, mwanangu atapanda gari la mikate, lina milango."

Basi uani kwetu kukawa gereji. Tukitoka shule tunakuta miguu ya fundi Mwaisaka imetokeza chini ya gari, na harufu ya petroli imechanganyika na ndizi za kuchoma za mama. Siku injini ilipokubali, Mwaisaka alizungusha hendeli ya kuwashia, gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, kisha likaanza kunguruma taratibu. "Gwe, limeamka," akasema, akakaa chini kupumzika. Jioni tulipanda tukafumba macho, tukasafiri mpaka Iringa bila gurudumu kuzunguka.

Paa baba alilishona mwenyewe, turubai jipya, mshono juu ya mshono. Lilikaa sawasawa kama kofia ya Idi. Siku moja kabla ya arusi ikanyesha mvua, na ilipokatika turubai lilikuwa limenywea, halifiki tena kioo cha mbele hata livutwe na wanaume. Baba aliyewafukuza wateja kila siku, "Kitambaa cha marekani kiloweke kwanza kinywee, ndipo uniletee nikate," alikuwa amelikata la kwake kavu. Mapenzi yalimsahaulisha kazi. Alilitoa, akalikunja, na mimi nilitamani kulia.

Asubuhi ya arusi gari la mikate lilikuwa mlangoni. Shangazi alimtoa Mwanaidi chini ya kanga, kimya, maana bi harusi wa enzi zetu hasemi. Nje, ukungu ulikuwa umeshuka mzito kuliko siku zote. Baba alisimama kando ya gari lake, na hata yeye tulimwona nusu. Mwanaidi akasita kidogo, kisha akalipita gari la mikate, akapanda la baba.

Shangazi alitazama barabara, akatazama mbingu. "Haya," akasema, akapanda naye, na mimi nikabanwa katikati.

Tulikwenda polepole ndani ya weupe mtupu. Tulisikia vigelegele bila kuona midomo. Tulipotoka mjini, Mwanaidi alinyanyua kanga yake. Shangazi aligeuza uso upande wa pili kana kwamba hakuona. Matone yalikaa kwenye nyusi za dada, naye alikuwa anatazama kisogo cha baba, akilia na kutabasamu.

Mjukuu wa Mwanaidi ameolewa juzi. Alitoa kiwiliwili juu ya paa la gari, akapungia barabara nzima huku akipigwa picha, na msafara ukakimbia utadhani unafukuzwa. Gari la baba lilikwisha kuoza zamani, kuku wakarudi kutaga. Niliketi na Mwanaidi tukiwatazama, nikamwambia bahati ilikuwa ukungu wetu, ndiyo maana baba aliendesha polepole vile.

"Umesahau, ukungu uliisha kabla ya Mbalizi," akasema. "Nilijifunika mwenyewe. Baba aliendelea kwenda polepole."