Mwanasesere Wangu wa Ulaya

Mimi ni mtu wa stashahada, tena niliyejisomesha mwenyewe, kwa hiyo niliporudi Singida sikutarajia kushindwa na mwanasesere. Nilikuwa nimeanza kuwashona kwa kujifurahisha tu. Wa kwanza nilimshona kwa soksi ya mtumba. Pamba ilimfanya alegee, nikatumia usomi wangu: nikamjaza uwele. Akaketi wima kama mkurugenzi.

Nikampeleka Kinyangiri kwa mama wa mchumba wangu, awe zawadi ya mjukuu wake. Nilitaka sana mama huyo anikubali. Na kwa kuwa enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, kila kitu cha maana kilitoka nje, nilipomaliza shikamoo nikatangaza, "Huyu ametoka Ulaya, mama. Kiwandani kabisa."

"Ulaya!" Akaita majirani. Nikawaeleza kwa kirefu jinsi mashine za huko zinavyoshona. Mtoto akamlaza mwanasesere uani, akaenda kunywa maji.

Kuku walimwahi. Jogoo alimdonoa tumbo, uwele ukamwagika, na kuku wote wa jirani wakaja mbio.

Mama mkwe aliokota chembe chache, akazipuliza kiganjani, akazitafuna taratibu.

"Baba," akaniuliza kwa heshima zote, "kumbe huko Ulaya nako wanalima uwele?"