Njiwa na Kibuyu

Mama mkwe wangu anauza mikate karibu na daraja, na ulimi wake unakata kuliko kisu chake. Nampenda, lakini ukweli usemwe.

Nchi mbili zinazotazamana hapo mtoni hutumia fedha moja. Jina lake rasmi limeandikwa kwenye kila noti na hakuna anayelitaja. Zilizochapwa kwetu zina picha ya njiwa, basi tunaziita njiwa. Za ng'ambo zina kibuyu. Thamani ni ile ile, na miaka yote zililala pamoja kwenye droo ya Mama.

Asubuhi moja uvumi ukaingia sokoni kwamba ng'ambo wanajitoa, kibuyu kinakufa leo leo. Aliyesema hajulikani. Vibuyu vya jana Mama alikuwa ameshamlipa mwenye unga tangu alfajiri, akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha akachana boksi, akaandika kwa mkaa KIBUYU HATUPOKEI, akalitundika mlangoni.

"Mama, si tungoje taarifa ya habari?"

"Redio itanilipia unga?"

Mteja wa kwanza kukwama alikuwa msukuma mkokoteni, yule yule anayetuletea magunia. Anaishi upande wetu, ila wiki hiyo alibeba mizigo ng'ambo na akalipwa huko.

"Mikate miwili, mama. Watoto wananisubiri."

"Husomi?"

"Nasoma. Lakini juzi ulizipokea."

"Juzi si leo. Zirudishe huko huko zilikotoka."

Waliopanga foleni wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikaendelea kufunga mikate. Mzee wa watu akakunja noti zake, akaondoka.

Hata foleni haijasogea, simu ikalia. Alikuwa mume wa wifi yangu. Wifi ndiye binti pekee wa Mama, ameolewa ng'ambo, na tangu usiku alikuwa hospitali ya huko na uchungu wa mimba ya kwanza.

"Mama, mtoto kakwama. Wanataka kumpasua, na dawa tumeambiwa tununue duka la nje. Zile njiwa ulizotupatia wamezikataa. Huku wanasema njiwa ndiyo inakufa. Wanataka kibuyu tu."

Mama alivuta droo. Njiwa, njiwa, njiwa tupu. Akafumbata noti alizoweza, akatoka mbio na goti lake bovu, nami nyuma yake.

Tulimkuta msukuma mkokoteni penye daraja, amekaa juu ya mkokoteni wake.

"Nibadilishie, baba. Binti yangu anapasuliwa ng'ambo, hawataki njiwa."

Nilidhani atatutukana, na angekuwa na haki.

"Kwani kibuyu hakijafa?"

"Nimekiua mimi, kwa mdomo wangu."

Akafungua mfuko wa nailoni, akampa zote. Njiwa alizitia mfukoni bila kuzihesabu. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe peleka mikate nyumbani kwangu." Na kwa Mama: "Panda. Kwa goti hilo hutafika."

Akamsukuma darajani, Mama ameng'ang'ania kingo za mkokoteni, huku akiwafokea watu wapishe njia. Mimi nikarudi kung'oa lile boksi, nikapeleka mikate, kisha nikakaa na simu mapajani. Sijawahi kuogopa kimya namna ile.

Mchana ikalia. Mtoto wa kike, mzima. Mama yake naye mzima, ila amechoka. Redioni hapakuwa na habari yoyote ya noti, si siku hiyo wala baadaye.

Kesho yake Mama alikuwa dukani, akimsifia mjukuu kwa kila mteja kama vile amemzaa yeye. Msukuma mkokoteni akaja. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akanyoosha noti ya njiwa, moja ya zile alizopewa na Mama mwenyewe.

"Samahani, mama," akauliza kwa adabu. "Hii leo mnapokea?"

Mama alimshika mkono, akamvuta ndani. Akalia mbele ya wateja.