Akiba ya Ndani ya Mshono

Wa kwanza kujua kwamba wifi yangu anapungua nilikuwa mimi, na sikujua kwa kumtazama usoni. Nilijua kwa pasi. Nyumbani kwa kaka yangu, ambako nimeishi tangu ndoa yangu ivunjike, kazi ya kupiga pasi ni yangu, na anayeijua kazi hiyo huigeuza nguo ndani nje kwanza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi mimi nilikiona huko huko: mstari mpya wa uzi ndani ya kiuno cha sketi yake, na wiki chache baadaye mstari mwingine, ndani zaidi ya ule wa kwanza.

Wifi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu aliyejengeka, ambaye wanafunzi wamempa jina la Sentimita kwa sababu rula haimtoki mkononi. Kushona si kazi yake. Ukimwomba akushonee atakuambia mafundi wamejaa mtaani, nenda. Hushona nguo zake mwenyewe tu, kwa raha zake. Akirudi kutoka shuleni hunywa chai, akafunua cherehani iliyo kando ya dirisha la sebuleni, na kuanzia hapo usimsemeshe. Gauni la mitumba ambalo wewe na mimi tungelifanya tambara la kudekia, yeye hulifumua lote, akaligeuza, na wiki inayofuata analivaa watu wanamuuliza duka gani. Pazia la maua lililokuwa chumbani mwangu sasa ni blauzi yake, na nikisema ukweli limempendeza yeye kuliko lilivyolipendeza dirisha.

Alikuwa na sharti moja tu: mkasi usiguse kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. Ukitaka kupunguza nguo, kunja, shona, kinachozidi kiache huko ndani. Yeye hukiita akiba. Alikuwa akisema mwili haukuandikiana mkataba na mtu, leo umekonda, kesho umenenepa, na ukishakata umekata. Niliwahi kukata akiba ya sketi yangu mwenyewe kwa sababu ilinivimbia kiunoni, na mwanamke huyu alininunia mpaka jioni utadhani nimekata kidole cha mtoto wake.

Basi akawa anapungua, na nguo zikawa zinapungua pamoja naye. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Mtu akikonda, watu hugundua kwa sababu nguo zinampwaya, na zake hazikumpwaya hata siku moja. Kaka yangu ni fundi wa friji. Anaweza kukaa kwenye kochi akasikia friji ya jirani ikikoroma akakuambia kilichoharibika, lakini mke wake alikuwa akiyeyuka kando yake na hakuona kitu. Walimu wenzake wifi ndio kabisa, walimsifu. Walitaka kujua anafanya mazoezi gani. Aliwajibu kwamba ni zile ngazi za shuleni, nao wakaanza kuzipanda kwa bidii.

Kilichonitisha mimi ni kwamba alikuwa anakula. Alikula kumshinda kaka, akarudia, akamalizia ya kwenye sufuria, na bado kiuno cha sketi kikaendelea kuingia ndani. Alitokwa na jasho wakati sisi wengine tumejifunika mashuka. Nikikaa naye karibu niliona mshipa wa shingo unavyopiga haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia, na yeye ametoka tu kumenya viazi. Halafu mikono ikaanza kumtetemeka. Alikuwa akilenga tundu la sindano, uzi unapita pembeni, analenga tena, anasema macho yamezeeka. Nikawa namtungia uzi mimi, na yeye akawa anapokea bila kunitazama.

Nilimuuliza mara ya kwanza akasema ni umri. Nilipomuuliza mara ya pili alisimamisha cherehani.

"Mama yangu alianza hivi hivi," akasema. "Anakula na anakonda. Tukamlazimisha aende hospitali. Aliingia kwa miguu yake wifi, akatoka amebebwa. Mimi siendi kukaa kwenye kile kiti cha mbele ya daktari. Na kaka yako usimwambie."

Nilikubali kunyamaza, na tangu siku hiyo sikuonja amani. Kazini kwangu, kwenye duka la mikate, niliwapa watu mikate waliyoiomba wengine. Nyumbani nilikuwa nikisikia cherehani inasimama ghafla, nachungulia sebuleni kuona kama ameanguka. Alikuwa anabadilisha uzi tu. Kila mtu anajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua na mimi, na bado nilikuwa namsaidia kuficha. Nilimkasirikia sana. Nilimkasirikia kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kulia.

Na yeye ndiyo kwanza alizidisha kushona. Alitoa nguo zote kabatini, hata zile za sherehe, akawa anazishughulikia moja baada ya nyingine, anavaa mbili tu za kupokezana. Siku moja aliniomba nisimame wima katikati ya sebule ili anijaribishie pini. Alidai hawezi kuona mgongo wake mwenyewe na anahitaji mtu wa kumtazamia. Nilisimama, akanizunguka na futi kamba na pini mdomoni, ananigusa mabega, ananipima mkono. Nilimtania kwamba mtu mrefu kama mlingoti hawezi kujipimia kwenye kibuyu kama mimi. Hakucheka, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya pini.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na rundo la nguo zake mbele ya pasi. Nilianza na gauni lake la bluu, lile analolipenda kuliko yote, lenye kola ndogo na vifungo vya mbele. Nikaligeuza ndani nje kama kawaida yangu, nikatafuta kile kitambaa cha akiba ili nikilaze kwa pasi, na hakikuwapo. Kilikuwa kimekatwa. Mshono ulikuwa umebaki na ukingo mwembamba kiasi cha kutoshikika, umezungushiwa uzi vizuri usichanike. Kazi safi, ya mtu aliyeamua.

Niliizima pasi. Nikachukua sketi, imekatwa. Blauzi ya pazia, imekatwa. Nikaenda kabatini nikageuza kila kilichoning'inia, na kila nguo niliyoigeuza nilikuta mkasi umepita. Nilielewa maana yake mara moja. Mwanamke aliyeninunia kwa ajili ya ukanda wa kitambaa alikuwa ameamua kwamba mwili wake hautarudi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba chao, mlango wa kabati umeachama, nikajaribu kulikunja lile gauni la bluu ili nilirudishe mahali pake kabla hajatoka bafuni.

Huwa nalikunja kwa kulishikilia kifuani, kidevu juu ya kola. Likiwa hivyo, pindo lake huwa linaburuza chini nalazimika kusimama juu ya stuli, kwa sababu yule ni mrefu na mimi Mungu alinipimia kwa kijiko. Nilisimama nikalishikilia. Pindo liliishia katikati ya muundi wangu.

Nililitazama muda mrefu kabla akili haijafika. Ugonjwa hupunguza unene. Haupunguzi urefu. Hakuna maradhi duniani yanayomfupisha mtu kwa kiasi hicho, na mikono ya gauni ilikuwa imefupishwa pia. Nilivua nilichovaa, nikaingia ndani ya lile gauni. Lilinikaa kila mahali. Mabega yangu, ambayo hakuna duka lililowahi kuyapatia, yalikuwa yamewekwa pale pale yanapotakiwa. Maishani mwangu sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa namna ile, na nilitamani kuichana.

Nilitoka hivyo hivyo mpaka sebuleni. Wifi alikuwa amerudi kwenye cherehani, kichwa amekiinamisha. Aliinua macho akaniona, na wala hakushtuka. Alinikagua kutoka juu hadi chini kama anavyokagua daftari la mwanafunzi.

"Simama wima," akasema. "Bega la kushoto limevuta kidogo."

Nilimuuliza ni lini alianza kunigawia urithi na bado anapumua. Nilimuuliza kama kaburi amelichimba tayari au anasubiri nimshikie na jembe. Nilisema mengi, na mengine hayasemeki mbele za watu. Yeye alisubiri nimalize, mikono ameikalia ili nisiione inavyotikisika.

"Wewe hujinunulii nguo," akasema. "Unavaa hayo magunia miaka yote. Sasa ningekuachia nguo zangu jinsi zilivyo ungezivaa zinaburuza, nakujua. Sikutaka zikupwaye, wifi."

Hapo ndipo nililia, tena kwa sauti, na gauni jipya likaloa kifua. Nilipopata pumzi nilimwambia neno moja na nilikuwa nimedhamiria. Nilimwambia kesho kutwa asubuhi anakwenda hospitali na mimi, na akikataa, kaka akirudi kula atanikuta mezani na gauni hili, na akiuliza limekuwaje likanienea nitamwonyesha kabati zima, nguo moja baada ya nyingine, mpaka aelewe.

"Hutafanya hivyo," akasema.

Nilivuta kiti cha mezani, nikakaa nimeuelekea mlango. Alinitazama. Alitazama mlango. Pikipiki ya kaka iliposikika kwenye kona, alifunga kifuniko cha cherehani na kuniambia kwa sauti ndogo nikabadilishe, atakwenda.

Daktari alikuwa kijana wa kike mwenye miwani mikubwa. Hakuonekana kuharakishwa na foleni. Alimshika wifi shingo kwa nyuma, akamwambia ameze mate, ameze tena. Alimwambia anyooshe mikono mbele, akailaza karatasi juu ya vidole, na karatasi ikatetemeka hadi tukaisikia. Alimuuliza maswali ya jasho, ya usingizi, ya moyo kwenda mbio. Alipomuuliza kuhusu mama yake, wifi alieleza kwa mara ya kwanza yote mfululizo, na daktari akauliza kama yule mama aliwahi kupimwa damu kabla hajazidiwa. Hatukujua. Wakati huo hakuna aliyeuliza. Akaagiza damu itolewe, akatuambia turudi siku majibu yatakapotoka.

Siku zile za kungoja siwezi kuzieleza vizuri. Wifi alikwenda shule na kurudi, na cherehani haikufunuliwa. Jioni alikaa kando yake mikono mapajani, akitazama nje, naye hakuwa anatazama kitu. Nilimwona anapitisha kidole kwenye mshono wa kochi, kwenda na kurudi. Kaka alimuuliza kama cherehani imeharibika aifungue aitazame. Ilibidi nitoke nje nikajifanye naanua nguo. Nilijiuliza mara elfu kama nilikuwa nimemwokoa au nimempeleka kwenye kile kiti alichokiogopa.

Siku yenyewe tuliitwa ndani pamoja. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu, moja ya zile mbili, na alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata vidole vyangu vikafa ganzi. Daktari alisoma, akageuza ukurasa, akasoma tena. Mimi nilikuwa naangalia midomo yake kama mtu anayengoja hukumu.

Alisema ni tezi ya shingoni. Ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, inauendesha mwili mbio usiku na mchana, ndiyo maana chakula hakikai na mikono haitulii. Alisema ingeachwa ingeuchosha moyo ukashindwa, na huenda mama yake alikwenda hivyo, ingawa yeye hawezi kuapa. Alisema ina dawa. Atameza kila siku, atakuja kupimwa, na watu wengi wenye shida hiyo wanaishi hadi wanazeeka.

Mimi nilishaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Wifi hakumshukuru mtu. Aliuliza swali moja, na aliliuliza kama mwalimu anayetaka jibu lililo sahihi, si la kumfurahisha.

"Nitanenepa tena?"

Daktari akatabasamu. Alimwambia ndiyo, mwili wake utarudi, pole pole, na kabla mwaka haujaisha atakuwa mtu yule yule aliyekuwa.

Wifi aliitazama sketi yake. Aliushika mshono wa ubavuni kwa vidole viwili, akaupapasa kutoka kiunoni hadi chini akitafuta, na uso wake ukaanza kuvunjika. Mwanamke huyu hakulia aliponisimulia habari za mama yake, wala hakulia siku ile ya gauni.

"Nimekata zote," akasema. "Wifi, nimekata zote."

Daktari alivua miwani, akatutazama kwa zamu. Akaniuliza mgonjwa amekata nini.

"Nguo zake, daktari," nikasema. "Hakujibakizia hata moja."