Maneno ya Mgombea Niliyoyageuza Manga

Siku yangu ya kwanza kazini, Ofisa Habari wa Wilaya pale Kisii mjini alinikabidhi kipaza sauti kabla hajanionyesha pa kuketi. "Moraa, hawa wanaume wangu wakiigiza sauti za wanawake, watu wanacheka mpaka wanasahau serikali imesema nini," alisema. "Kwa hivyo wewe ndiwe wanawake wote." Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikaona nimefika.

Ninyi vijana wa simu hamwezi kuijua kazi hiyo. Gari la sinema lilibeba jenereta, projekta ya kurusha picha, na kitambaa cheupe tulichokifunga kwenye miti ya goli. Filamu zilisema Kiingereza, watu wetu walijua Ekegusii. Basi fundi alipunguza sauti, na wakalimani tukasema badala ya waigizaji. Mara nyingi filamu nzima iliisha sijafungua mdomo. Katika filamu za siasa waziri alikuwa mwanamume, chifu mwanamume, hata wapiga kura wanaume. Mwanamke aliingia na sinia la chai, akasema "karibuni", akatoka. Kazi yangu ilikuwa hiyo "karibuni".

Nilihamishiwa Kenyenya, kisha Nyamira, chini ya Ofisa Msaidizi, mtu mpole wa sauti na mgumu wa roho. Huko ikatufikia filamu ya mama anayegombea kiti cha baraza. Nilifurahi jamani! Rafiki yangu Mwalimu Kemunto wa Manga alifurahi kunishinda, maana yeye mwenyewe alikuwa ametangaza kugombea udiwani, na watu walimwuliza kama amerukwa na akili. "Wakimwona huyo, watajua mimi si kichaa," aliniambia. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaalika.

Jioni ya kuionyesha filamu hiyo pale Manga, kabla jenereta haijawashwa, Ofisa Msaidizi aliniita pembeni. "Ile hotuba ya mama usiitafsiri. Sema anamwomba mumewe msamaha mbele ya watu."

"Lakini bwana, hasemi hivyo."

"Nani hapa anajua anachosema?"

Kemunto alijua. Naye alikuwa ameketi mbele kabisa.

Nilifanya nilivyoambiwa. Mama kwenye kitambaa aliinua ngumi, nami kwa Ekegusii nikalia, nikaomba radhi, nikaahidi kurudi jikoni. Wanaume walipiga makofi. Kemunto akasimama. "Moraa, hivyo ndivyo alivyosema?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa na watoto wawili, na barua yangu ya kuajiriwa kwa kudumu ilikuwa bado mezani kwa Ofisa Msaidizi. Nikajibu kwa kipaza sauti, "Ndivyo, Mwalimu." Uwanja mzima ukamcheka. Mtu akapaza sauti, "Naye arudi jikoni!" Wiki hiyo hiyo Kemunto aliondoa jina lake.

Barua nilipata. Nilipostaafu, ofisi ilinisifu kuwa mkalimani wa kwanza mwanamke, nikatamani ardhi ipasuke. Kemunto tulikutana mara nyingi sokoni. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za watoto, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Mwaka jana tulimzika. Msoma wasifu alisema alikuwa mwalimu, mke, mama wa watano, mwanakwaya. Habari za kugombea hazikutajwa. Binti yake akauliza kama kuna anayejua zaidi kuhusu mama yao. Nilikuwa pale, safu ya pili, nikakaa kimya mpaka wakaanza wimbo.