Firigisi Ndani ya Burito

Katika ukoo wetu hakuna jambo linaloamuliwa kabla kuku hajafa. Mpaka wa shamba, karo ya shule, hata swali la nani atamsindikiza mgonjwa hospitali, yote husubiri mchuzi. Ndoa yangu ilikuwa imeshaua kuku watatu wa mama na bado haikuwa na tarehe.

Aliyekuwa akiwala ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Kwa desturi yetu, baba akifa, kaka yake ndiye husimama mbele ya wageni wanapokuja kuposa, na bila neno lake hakuna wa kuwafungulia lango. Watu wa mchumba wangu walikuwa tayari tangu Pasaka. Baba mkubwa naye alikuwa tayari, kwa kula. Alikuwa akija kwetu, karibu na Butali, akiandamana na mzee mwenzake aliyemwita shahidi. Wataketi, wataomba, watakula, watapangusa midomo, kisha baba mkubwa atasema, "Hii maneno tutaiangalia." Wanaondoka. Shahidi alikuwa ameshuhudia mapaja tu.

Nilikuwa nakasirika mpaka machozi yananitoka. Mchumba wangu ni mtu mpole, lakini hata mtu mpole akiambiwa "subiri" kila mwezi huanza kuuliza kama huko kwenu kuna mtu mwingine anayesubiriwa. Nilimpenda na nilianza kuogopa kwamba nitampoteza kwa sababu ya mzee mmoja na meno yake.

Mama hakulalamika. Mama aliolewa wakati ambapo mwanamke wa kwetu hakutia nyama ya kuku kinywani. Alimfuga, akamkimbiza, akamnyonyoa, akampika, kisha akakaa jikoni akisikiliza wanaume wakimsifu kuku. Miaka ikapita, dunia ikalegea, naye akaanza kula shingo na mgongo. Lakini firigisi, ile tunayoiita imondo, hakuigusa kamwe. Imondo ni ya mwenye boma. Huletwa juu ya nyama zote, ionekane, ili mwenye boma ajue kwamba ametambuliwa. Baba alipofariki ilihamia kwa baba mkubwa bila kikao chochote, na hilo ndilo jambo pekee katika ukoo wetu lililowahi kuamuliwa haraka.

Mimi naishi Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, kwenye vyumba vya kupanga vilivyojaa wanafunzi, na huko ndiko nilikojifunzia burito. Niliionja mara ya kwanza Kisumu, katika mkahawa wenye taa nyingi kuliko viti, nikarudi nikaitafuta kwenye simu mpaka nikaiweza. Asiyeijua burito nitamweleza hivi: ni chapati iliyosoma. Inabeba maharagwe, wali, nyama na jibini, imejikunja vizuri, haimwagi kitu, na inaamini kwamba imekuzidi. Nilizipiga picha nikazituma kwenye kundi la familia. Baba mkubwa, ambaye hakuwahi kujibu swali langu hata moja kuhusu wageni, alijibu picha hiyo kwa sauti yake mwenyewe.

"Mimi naona huyu mtoto anapikianga watu wa tauni chakura ya simu. Sisi wazee tunaangalianga picha tu. Jumapiri nakuja na shahidi. Utupikie hiyo. Mkono mtupu haulambwi."

Nilipofika nyumbani nilimwekea mama ujumbe huo, akatikisa kichwa. "Huyo mzee usimpikie mchezo. Songa obusuma, chemsha kuku, umpatie imondo yake, basi." Obusuma ndio ugali wetu.

"Mama, amekula kuku watatu kwa obusuma na hajasema kitu."

 Mama alitoka, akarudi amemshika miguu jogoo wake wa mwisho.

Jumapili baada ya kanisa niliteka jiko. Nilikanda unga wa ngano kwa maji ya uvuguvugu mpaka ukawa laini kama sikio. Chapati za burito hazikunjwi tabaka. Zinasukumwa nyembamba, zinaivishwa nusu, kisha zinafunikwa kwa kitambaa zitoe jasho, maana zikikauka zitakupasukia mkononi. Maharagwe niliyaponda na vitunguu. Jibini niliinunua mjini Kakamega, kipande cha manjano. Mama alikigeuza, akakinusa, akaniuliza kama ni cha kufulia au cha kuogea. Nusu yake niliikwaruza, nusu nikaiyeyusha kwa maziwa na pilipili mpaka ikawa mchuzi mzito unaofuata mwiko. Jogoo alichukua muda. Yule hakuwa kuku wa mkahawa. Alikuwa amewahi kumfukuza mbwa.

Firigisi niliitenga. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu ukoo mzima unasema nilikuwa nimesahau desturi zetu huko Shirere. Niliitoa sufuriani ikiwa nzima, nikaiweka peke yake katika bakuli la bluu kama mheshimiwa kwenye kiti cha mbele. Kisha nikanyofoa nyama, nikatafuta chombo cha kuitia, na chombo safi kilichokuwa karibu kilikuwa bakuli la bluu. Juu ya nyama nikamimina maharagwe, juu ya maharagwe wali, juu ya wali mchuzi wa jibini. Nikachota, nikapanga katikati ya chapati, nikakunja pembeni, nikaviringisha, nikachoma kwenye kikaango upande wa mshono kwanza ili zijifunge. Zilipendeza kwelikweli. Moja tu ndiyo ilipasuka tumbo nilipoigeuza, jibini ikatoka ikaungua. Nikaitupa kwenye sahani ya bati pembeni, kwani mgeni hapewi kilichopasuka.

Mama aliingia kutoka kisimani. Alitazama zile burito zilivyolala kwenye sinia, akatazama sufuria tupu.

"Imondo iko wapi?"

Nilinyoosha mkono kuelekea bakuli la bluu. Bakuli lilikuwa jeupe ndani, limefutwa kwa mwiko mpaka likang'aa.

"Iko ndani," nikasema.

"Ndani ya gani?"

 Mama aliketi kwenye kigoda. Kufungua haikuwezekana, maana zilikuwa zimeshajifunga kwa jibini, na burito iliyofunguliwa hufanana na iliyoanza kuliwa. Basi tukaanza kuzibonyeza moja moja kwa vidole, kama watu wanaochagua parachichi sokoni. Kila moja ilikuwa na kitu kigumu. Jogoo yule hakuwa na sehemu laini. Tulikuwa bado tunabonyeza tuliposikia mtu anakohoa langoni.

Baba mkubwa aliomba kwa muda mrefu. Aliombea serikali, mvua, miwa, na vijana wanaopotea. Alipofungua macho niliweka sinia mezani. Alilitazama kama mtu anayetazama mashtaka yake.

"Obusuma iko wapi?"

"Baba, hiki ndicho kile chakula cha kwenye simu. Kuku yuko ndani."

"Kuku ameingia ndani ya chapati?" Alimgeukia shahidi. Shahidi alithibitisha kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyo. "Na imondo?"

"Nayo iko ndani, Baba. Katika mojawapo."

Nilidhani atasimama aende zake. Niliona wageni wangu wakirudi nyuma mwaka mzima. Lakini kwa mzee kuondoka bila imondo ni kukiri kwamba hakupewa, na jambo hilo lingefika Ekero, anakoishi, kabla yake. Alivua koti.

"Mimi siwezi kusema maneno yoyote mbere ya imondo," akasema. "Wacha tuitafute."

Wakaanza. Burito ya kwanza baba mkubwa aliila kwa kisu na uma, kwa dharau, akiichunguza ndani kama polisi kwenye kizuizi cha barabarani. Ya pili aliishika kwa mikono. Jibini ilivutika kutoka kinywani mpaka kwenye sahani, uzi mrefu usiokatika, akawa anaufuata kwa kichwa huku na huku. "Hii kitu inakataa kuniachilia," akalalamika, akachukua ya tatu.  Shahidi alikula kwa macho yaliyofumbwa, na alipoulizwa kama amepata imondo alijibu kwamba bado, lakini anaendelea na uchunguzi.

Nilisimama mlangoni nikiwahesabia matonge kwa hasira. Wazee wawili waliotangaza kwamba bila obusuma mtu hajala walikuwa wanaramba vidole. Kila burito iliyoisha bila firigisi, baba mkubwa alinitazama kana kwamba nimeificha mfukoni. Hatimaye sinia likabaki na mafuta tu. Shahidi alipitisha kidole juu yake, akasema kwa huzuni kwamba kwa upande wake uchunguzi umekwisha.

"Mulamwa!" baba mkubwa akaita kuelekea jikoni. Hivyo ndivyo wanavyoitana shemeji na shemeji kwetu. "Mulamwa, imondo yangu iko wapi?"

 Nikakimbia jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya bati mapajani, na juu yake kulikuwa na nusu ya ile burito iliyopasuka. Alikuwa anatafuna. Alitafuna polepole, kwa bidii, shavu moja limevimba, akitazama moto.

"Mama," nikanong'ona. "Ni yenyewe?"

Akaitikia kwa kichwa. Alimeza kwanza. "Nimeiguza na jino. Nikasema nitoe, nioshe, nipereke. Kisha nikachoka." Akapangusa mdomo kwa ncha ya leso. "Kumbe ni hii tu? Miaka yote hiyo ni hii tu?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikupata nafasi ya kufanya lolote, kwa sababu sauti ya baba mkubwa ilikuja tena, kali zaidi. Mama aliinuka. Hakuvua aproni, hakufunga kitambaa upya kama afanyavyo siku zote kabla ya kuingia mbele za wazee. Alipita mlangoni akasimama pale pale ambapo hubaki na birika la kunawisha mikono, lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nimeikula," akasema.

 Nadhani katika maisha yake baba mkubwa alikuwa amejiandaa kwa misiba mingi, ila si huo. "Umekula imondo?"

"Nimeikula. Nimerea huyo jogoo, nimemrisha, nimemkamata. Mlikuwa na sinia mzima, hamkuiona. Mimi niliipata kwa ile iliharibika."

"Lakini mulamwa, imondo inakulwanga na mwenye boma!"

"Ndiyo," mama akasema. "Na mwenye boma anasema wageni wa mtoto wake waje Jumamosi."

 Nilisikia kuku wa jirani wakichakura nje, maana wetu walikuwa wamekwisha. Baba mkubwa alimgeukia shahidi, akitafuta mtu wa kusema kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Shahidi alitazama sinia tupu, akatazama mama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifanya kazi yake.

"Mimi nimesikia," akasema. "Ni Jumamosi."