Nyuzi Mia na Themanini na Sita

Oldřich Vavrouš alipuliza vioo miaka thelathini na minane katika kiwanda cha pale mjini kwetu Železný Brod, na kipimajoto hakuwahi kukiamini. Alitazama rangi ya moto, basi. Kwa hiyo daktari alipomwandikia mkewe bangi ya duka la dawa, pamoja na mashine ya kuipasha moto mpaka itoe mvuke bila kuungua, mimi jirani yao wa ghorofa ya juu nilidhani mzee kapata kazi ya kumfaa.

Mkewe, Drahuše, alikuwa na mwaka wa kumi na moja akiugua ugonjwa wa neva. Miguu ilimkakamaa ghafla, magoti yakabanana, naye akauma kona ya mto ili asipige kelele. Vidonge vilimlaza akili, miguu vikaiacha vilevile.

Mashine ilikaa mezani jikoni, nzito, yenye vitufe viwili na namba nyekundu za joto. Agizo la daktari lilikuwa fupi: nyuzi mia na themanini, pumzi mbili, kisha msubiri. Siku nne Oldřich alitii. Siku zote nne, akimuuliza kama miguu imelegea, Drahuše alijibu, "Bado."

Siku ya tano, Jumamosi baada ya supu ya mchana, miguu ilikaza vibaya mno. Oldřich akabonyeza kitufe mpaka mia mbili na kumi na tano.

"Umeweka ngapi?" Drahuše akamuuliza.

"We vuta tu, mama. Moto wa kubembeleza haujawahi kuyeyusha kitu."

Mfuko wa mashine ukajaa mvuke mweupe, mzito. Akavuta mara nne, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Haikupita robo saa, moyo ukaanza kumwenda mbio. Akamkazia mumewe macho kama anayemwona mgeni aliyeingia kwa dirisha.

"Wewe nani? Usinishike."

Nilisikia mpini wa ufagio ukigonga sakafu yangu kutoka chini, nikashuka mbio na viatu vya ndani. Oldřich alikuwa ameshika simu, lakini namba ya dharura alikuwa ameikosea mara mbili. Nikaipiga mimi. Mtu wa upande wa pili akaniambia nimkalishe, nisimwache, nimhesabie mapigo. Nikahesabu mia na thelathini na mbili. Drahuše alikuwa akirudia kusema kwamba anakufa, tena kwa sauti ndogo, ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Mzee alisimama kando ya jokofu, haruhusiwi kumkaribia mkewe.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walikaa naye saa mbili. Moyo ukatulia, akamjua mumewe. Dawa imezidi, wakasema, hakuna kilichoharibika. Walipoondoka, Oldřich aliifunga mashine kwa taulo akaitia kabatini.

Ikakaa humo siku tisa. Miguu haikumwonea huruma. Siku ya kumi nilikuwapo, nimewapelekea mikate ya jibini, Drahuše alipoanza.

"Ilete."

"Siileti."

"Huu mguu ni wa nani, Oldřich?"

"Ulinisahau, Drahuše. Miaka arobaini na nne, halafu unaniuliza mimi nani."

"Nawe huujui mguu huu. Basi tumetoka sare. Ilete."

Hakusogea. Drahuše akashika kitembezi chake cha vyuma cha kujiegemezea, akajiinua, akaelekea kabatini mwenyewe. Katikati ya jikoni goti la kulia likafunga. Akaning'inia pale kwenye vyuma, jasho likimtoka, na mumewe akanyoosha mikono.

"Usiniguse. Fungua kabati."

Mzee alifungua.

Tulipomkalisha, akasema bila kumtazama, "Zile siku nne nilikudanganya. Ya tatu vidole vililegea kidogo. Nikasema bado, maana nilitaka vyote, nilitaka nitembee. Ungejua, usingepandisha."

Oldřich akaenda kuchukua simu.

Daktari, alipopigiwa simu, alimkaripia kwanza, kisha akawapangia upya: warudi mia na themanini, pumzi moja, na kila siku waongeze nyuzi mbili tu. Vitufe akavishika Drahuše. Nilikuwa nashuka kila alasiri, kwa kuwa mzee aliniomba. Aliogopa kuwa peke yake naye. Kila pumzi iliyoingia, alimtazama usoni kuona kama bado anamjua.

Siku ya kwanza vidole vililegea. Ya pili, vidole tena. Ya tatu hakuna hata kidole, na Drahuše akalia. Ya nne namba ikasoma mia na themanini na sita. Tukasubiri. Baada ya dakika kama ishirini Drahuše akatia kiganja chini ya goti, akalisukuma. Goti likaenda.

"Mimi nani?" Oldřich akauliza.

"Mzee mmoja mkaidi."

Oldřich akakaa chini kwa kishindo. Kisha, macho yakiwa kwenye ile namba, akasema polepole, "Kesho tukiongeza mbili nyingine..."

Drahuše naye aliitazama namba. Niliona kidole chake kikikaribia kitufe cha kupandisha.

"Hapana," akasema, akaizima. "Hapa panatosha."

Hakupona. Ziko siku ambazo hata dawa hiyo haisaidii. Lakini mwezi wa Mei alipanda ngazi kuja kwangu, akipumzika kila baada ya hatua nne, na Oldřich nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa.